Sanduku la Bibi, Uzi na Msako wa 1983



Nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe. Wiki mbili zilizopita mjomba alinipigia simu kutoka Morogoro mjini akanipa kazi ambayo hata mhariri wangu asingethubutu kunipa. Bibi yetu, mzaa mama, anaishi Mgeta, juu milimani Uluguru. Miguu inamsumbua siku hizi, kwa hiyo wanataka kumhamishia chumba cha mbele, na kile chumba chake cha uani apewe binamu yetu aliyepata ajira ya ualimu huko huko. Tatizo ni vitu. "Nenda wewe uliyesoma ukamweleweshe, apunguze yale matambara," akasema mjomba. "Wewe ndiye mume wake, atakusikia."

Basi bwana, Jumamosi nikapanda gari. Unatoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unakunja Sangasanga, unapita Mlali, halafu gari linaanza kupanda na masikio yanaanza kuziba. Mwezi wa Juni mtu wa Dar akifika Mgeta anaweza kudhani amevuka mpaka. Watu wamevaa makoti, ukungu umekaa juu ya matuta ya kabichi, njegere na viazi, na kila kitu kinanuka moshi wa kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kunifukuza chumbani kwangu?"

Habari zilishamfikia kabla yangu.

Nikaingia kukagua. Kuna sanduku la bati la bluu, kubwa, limejaa mpaka kifuniko kimegoma kufunga. Kuna mifuko mitatu ya salfeti imeegemea ukuta. Kuna boksi chini ya kitanda, na juu ya kabati kuna kapu la ukindu. Ndani yake: madonge ya uzi wa sweta ya kila rangi, vitambaa vya makochi, mikeka ya mezani, vipande vya kanga, kitenge na kaniki vilivyokunjwa kwa ukubwa, nyuzi za kudarizi zilizofungwa kwenye vijiti vya kiberiti. Sweta la kahawia lina mgongo na kifua, mikono hakuna. Shuka jeupe limedariziwa maua kwa mishono ya msalaba, maua yakafika katikati yakakoma. Blanketi la viraka lina upana wa kitanda lakini urefu unaishia magotini. Nikaanza kuhesabu kazi zilizoanzwa na hazijakwisha. Nikapata 11, na boksi la chini ya kitanda nilikuwa sijalifungua.

"Bibi, si ungekuwa unamaliza moja ndipo uanze nyingine?"

Akaniangalia kwa huruma. "Na wewe huko gazetini unaandika habari moja mpaka iishe, ndipo unaanza nyingine?"

Nikakumbuka kompyuta yangu kazini ina stori sita zinazosubiri mtu apokee simu. Nikanyamaza.

Halafu akanieleza, kama mtu anayemfundisha mtoto kuosha vyombo. Sweta ni kazi ya jioni na ya mazungumzo, maana vidole vinajua njia bila macho. Shuka la kudarizi ni kazi ya mchana, tena mchana wa jua, kwa sababu unahesabu nyuzi za kitambaa, na ukikosea moja ua zima linapinda. Viraka ni kazi ya kungoja. Unangoja kanga ichakae, unangoja mtoto akue aache gauni, unangoja fundi cherehani akupe mabaki. Mtu mwenye kazi moja tu, alisema, ukungu ukishuka siku tatu anakaa bure.

Jibu hilo lilinitosha kuhusu zile kazi kuwa nyingi kwa wakati mmoja. Halikunitosha kuhusu ule wingi wa uzi, maana kwa nini mtu mmoja awe na madonge ya kuvalisha kijiji? Jibu la hilo nililipata usiku. Lakini ili mlielewe kama nilivyolielewa mimi, inabidi nianze mbali kidogo. Vuteni viti.

Wengi tumefundishwa shuleni kwamba bidhaa za misafara zilikuwa pembe na watumwa. Kweli, lakini fedha ya misafara ilikuwa nguo. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Zungomero, kwenye tambarare chini ya milima hii hii, huko ambako mto Mgeta hushukia. Mizigo mikubwa ya wapagazi wa zama zile ilikuwa majora ya nguo, shanga na waya. Nguo ilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Ukisikia leo muuza duka Kariakoo anasema "doti ya kanga", anatumia kipimo cha fedha ya misafara bila kujua.

Nguo iliyotamba zaidi ilikuwa merikani, pamba ngumu isiyopaushwa. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Ilifumwa Marekani, jimbo la Massachusetts, ikaletwa Unguja na meli za mji wa Salem, hasa baada ya Sultani Said kusaini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi wa kusini mwa Marekani. Yaani mtumwa wa kule alilima pamba ya nguo iliyokuja kununulia mtumwa wa huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo, merikani ikaadimika na kupanda bei, na baadaye viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi.

Nakuomba uishike hiyo kichwani: tangu zamani, nguo ya mtu wa Uluguru iliamuliwa mahali ambapo hakupajua. Vita ikipigwa ng'ambo, doti inapanda huku.

Sasa angalia walichofanya wanawake wa pwani. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, Unguja na Mombasa, madukani kulikuwa na leso za mkononi za rangi rangi, jina ambalo asili yake ni Kireno. Badala ya kununua moja moja, wanawake wakanunua kitambaa kizima kabla hakijakatwa, wakachukua leso sita, wakazishona tatu juu na tatu chini. Wakapata vazi ambalo hakuna kiwanda duniani kilichokuwa kinalitengeneza. Wafanyabiashara walipoona, ndipo wakaagiza kitambaa kipana kilichochapwa kizima. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza Mombasa mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ipo kwenye kanga mpaka leo. Watu wa Mombasa nao mpaka leo wanaiita kanga leso.

Kwa hiyo kanga, wadau, ambayo tunaiona ndiyo nguo yetu kuliko zote, ilianza kama kazi ya viraka. Sindano ya mwanamke ilitangulia, mtambo ukafuata. Na kwa wanawake waliotoka utumwani baada ya utumwa kufutwa Unguja mwaka 1897, kuivua kaniki na merikani ya kitumwa na kujifunga kanga lilikuwa tangazo la hadhi ambalo kila mtu barabarani aliweza kulisoma.

Huku bara sindano ilipanda mlima kwa njia ya misheni. Masista wa kwanza Wakatoliki walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Morogoro mwaka 1882, na baadaye wakapanda Uluguru. Kila walipoweka shule mambo yalikuwa yale yale: wavulana useremala na shamba, wasichana kushona. Bibi alijifunza hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sista aliyekuwa anapiga vidole kwa rula mshono ukienda upande.

Na serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hamu na vidole vya wanawake. Mwaka 1951 liliundwa Baraza la Wanawake la Tanganyika, chini ya mke wa Gavana Twining, na vilabu vya wanawake vikafundisha kushona, kufuma, kupika na malezi. Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kuzuia mmomonyoko. Watu wakachoka. Mwaka 1955 upande wa Matombo kukazuka vurugu, mtu mmoja akauawa, mpango ukafa. Lakini Mgeta ukipita leo matuta yapo. Kwa nini? Kwa sababu Mgeta palikuwa na mboga, na tuta la mboga linalipa. Watu hawakukataa tuta kwa sababu ni la Mzungu, wala hawakulikubali kwa sababu hiyo. Walilipigia hesabu.

Nadhani na sindano ilikuwa hivyo hivyo. Wasomi wengine wanasema yale mafunzo ya kufuma yalikuwa ya kuwageuza wanawake wetu kuwa mama wa nyumbani wa Kiingereza. Inawezekana ndiyo ilikuwa nia. Ila Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, mwanamke ana ardhi yake na mali yake. Bibi alichukua sindano, ile nia akawaachia wenyewe. Sweta moja Mgeta kwenye baridi ya Julai ni debe la viazi, au kuku wawili, au ada ya mtoto. Kitambaa cha kochi ni zawadi ya harusi ambayo itakurudia siku binti yako akiolewa. Hiyo ndiyo ilikuwa benki yake, na babu hakuwa na ufunguo.

Uhuru ukaja, mwaka 1962 ikaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika chini ya Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kwa msaada wa Wachina, na vingine vikafuata mikoani. Kwa mara ya kwanza ikaonekana nguo yetu itaamuliwa na sisi wenyewe. Bibi bado ana kanga ya Urafiki, imekuwa laini kama karatasi ya bibilia, na haiguswi.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili nafasi ichukuliwe na ya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 tukaingia vitani na Idi Amin, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa vipuri. Wazazi wetu wanaikumbuka vizuri miaka hiyo: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, kanga ikifika duka la ushirika majina yanaitwa. Uzi wa sweta? Sahau.

Ndipo bibi alipoanza kuweka akiba. Akipeleka viazi gulioni Nyandira na mtu ana uzi, anabadilishana. Kaka yake akitoka Dar na pea ya kanga, anaikunja. Sweta likichakaa analifumua, anauosha uzi, anaunyoosha kwa kuning'iniza jiwe, anauzungusha donge upya. Ilipofika 1983 alikuwa na madonge zaidi ya 40 na nguo ambazo hazijakatwa.

Na 1983, wadau, ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwatangazia vita walanguzi waliokuwa wanaficha bidhaa, ikatungwa na sheria maalumu, watu wakakamatwa kwa mamia. Mijini watu walitupa mali usiku ili isikutwe kwao. Ukikutwa na vitu vingi kuliko matumizi yako, ulitakiwa kujieleza.

Habari zikapanda mlima hadi Mgeta, na zikipanda mlima zinaongezeka uzito. Jirani akaja jioni akasema wameanza kukagua nyumba hadi nyumba huko chini. Hapo bibi akanyamaza kidogo, akachochea moto, akaendelea. Babu alitaka wachimbe shimo waufukie uzi wote. Bibi akakataa: unyevu na panya vitamaliza miaka mitano ya kazi. Wakabishana. Mama yangu alikuwa na miaka kama 11, anakumbuka mabishano hayo.

Usiku ule bibi akatoa sindano zote alizokuwa nazo. Hazikutosha. Akatoka nje na koleo, akang'oa spoki za baiskeli ya babu, akazisugua kwenye jiwe. Kisha akaanza. Mistari mitano ya sweta jekundu, anaacha, anaingia kwenye bluu. Mstari wa kofia, anaacha. Akamwamsha mama naye ashike sindano. Nguo ambazo hazijakatwa akazikata na kuanza kuzishona, shuka jeupe likachorewa maua kwa penseli na kudariziwa upande mmoja. Siku tatu usiku. Mwisho wake ndani ya nyumba hamkuwa na donge hata moja lisilo na kazi iliyoanzwa.

"Uzi ukiwa sandukuni ni bidhaa," akaniambia. "Ukiwa kwenye sindano ni kazi ya mwanamke. Nani anaulizia kazi ya mwanamke?"

Na walikuja? Nikamuuliza. Hawakuja. Hakuna mtu aliyepanda kukagua nyumba ile. Kitu pekee kilichohujumiwa mwaka ule ni baiskeli ya babu.

Nikamuuliza kama alimchukia Sokoine. Alishtuka kama nimetukana kanisani. Tarehe 12 Aprili 1984, Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani kwetu hapa hapa, bibi anasema alilia siku mbili. "Alikuwa anawatafuta wanaotunyonya, hakuwa ananitafuta mimi," alisema. "Lakini mgambo angejuaje tofauti?"

Hilo swali limenikaa. Mimi ni mwandishi wa habari, nimeandika neno "ulanguzi" mara nyingi bila kufikiri kwamba kwa macho ya mtu mwenye orodha mkononi, akiba ya mwanamke mmoja na stoo ya tajiri vinaweza kufanana. Akiba yake ilitokana na uhaba, na uhaba huo huo ukaifanya ionekane kosa.

Kilichofuata mnakijua. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka 1985 akaingia Mzee Ruksa, na mitumba ikamwagika mpaka milimani. Sweta la Ulaya likauzwa gulioni kwa bei ndogo kuliko uzi wa kulifumia. Ile benki ya bibi ikafa pale. Wateja wakaisha. Lakini angalia ajabu: uzi sasa ukawa rahisi kuliko wakati wowote. Unanunua sweta kuukuu la mtumba, unalifumua jioni moja, unapata madonge manne ya sufu safi. Na mtu aliyewahi kung'oa spoki usiku kwa kuogopa kupoteza uzi hawezi kuona uzi wa bei rahisi akaupita. Akanunua. Akiununua anauanza papo hapo, hata mistari mitano tu, kwa sababu mkono ulishazoea hivyo. Ndiyo maana ya salfeti tatu.

Kuna mahali Marekani panaitwa Gee's Bend, jimbo la Alabama, kwenye lile eneo la pamba nililolitaja. Wajukuu wa watumwa pale wamekuwa wakishona mablanketi ya viraka kwa nguo kuukuu za shambani, kwa sababu ya baridi na umaskini. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, na wajuzi wa sanaa wakayasifu. Sisemi lile blanketi la bibi linaloishia magotini liende New York. Nasema tu kwamba mjomba naye anaita "matambara", na kule Alabama pia kuna waliochoma ya bibi zao kufukuza mbu.

Sasa uamuzi. Asubuhi nilimpigia mjomba nikamwambia sanduku la bluu linahamia chumba cha mbele pamoja na mwenyewe, hilo halina mjadala. Akaguna, akakubali. Salfeti tatu ndizo zilizobaki, na hapo bibi mwenyewe alikuwa na neno. Vitu vya mwanamke Mluguru vinafuata wanawake wa ukoo. "Wewe ni wetu," aliniambia, "lakini watoto wako watakuwa wa huko utakakooa. Hivi ni vya dada yako."

Dada yangu anaishi Mbagala, chumba kimoja, watoto wawili, na hajawahi kushika sindano ya kufumia. Nimeshuka mlimani na salfeti moja mapajani, kondakta akanitoza nauli ya mzigo. Nilimpigia dada nikamweleza yote, mpaka habari za baiskeli. Akacheka sana, halafu akakaa kimya. Akaniuliza: "Lile shuka la maua limo?" Nikamwambia limo. "Basi lilete hilo kwanza. Mengine nitaangalia pa kuweka."

Shuka liko kwangu Sinza ninavyoandika haya, na Jumapili nalipeleka. Lile ambalo lingeniwia vigumu kulijibu, dada hakuliuliza: nani atamfundisha kuyamaliza yale maua, maana macho ya bibi hayaoni tena nyuzi za kuhesabu.

Wadau, kama bibi yako yuko hai na ana sanduku, kabla hamjaamua cha kufanya, kaa naye jioni moja umwulize kila kitu kilianza mwaka gani. Usimwulize kwa nini hajamaliza.

Wikiendi njema.